Mita Mbili na Tano

Malenga wenzangu na wapenzi wa lugha, leo sitazungumzia bahari za ushairi wala mgogoro wa mapokeo na usasa. Nitazungumzia mbao. Naomba mnivumilie nianze na kosa langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo lililonifundisha ninalotaka kulisema. Mkifika mwisho mtaamua kama nimetoka nje ya uwanja wetu au la.

Baada ya kustaafu niliazimia kutengeneza rafu ya vitabu hapa nyumbani kwangu Chemchem, mjini Tabora. Diwani, kamusi na madaftari ya miaka mingi ya kufundisha vilikuwa vimelala katika maboksi, na mtu wa Tabora hahitaji kuelezwa mchwa hufanya nini katika boksi lililosahauliwa. Nikaupima ukuta kwa futikamba, nikaandika kwenye karatasi: 2.5. Kisha nikampigia simu fundi seremala, kijana niliyemfundisha Kiswahili tangu kidato cha kwanza hadi cha nne. Akaniamkia, tukajuliana hali, kisha nikamwambia, “Nataka mbao sita za mninga, kila moja mita mbili na tano.”

Akauliza, “Mita mbili na tano, mwalimu?”

Nikajibu, “Ndivyo.”

Siku ya tatu alikuja na mbao zimerandwa zikarandika. Tulipoipandisha ya kwanza, ukuta ulibaki wazi upande mmoja, nafasi ya kuingia kiti. Fundi alikuwa amekata mita mbili na sentimita tano, yaani sentimita 205. Mimi nilikuwa nataka sentimita 250. Kila ubao ulikuwa umepungukiwa sentimita 45. Kwa mbao sita, sentimita 270.

Nilitaka kukasirika. Kijana akainamisha macho, akasema kwa adabu, “Mwalimu, wewe ulisema na tano.”

Alikuwa na haki. Nilisema na tano. Mtu aliyesimama mbele ya ubao kwa miaka zaidi ya thelathini, akiwafundisha watoto wa watu viunganishi na kazi zake, alikuwa ameshindwa kutumia kiunganishi chenye herufi mbili. Yule kijana ninamkumbuka darasani: hesabu zilikuwa zikimsumbua, na kila aliponijia na swali lenye tarakimu nilimwambia, “Hayo kamwulize mwalimu wa Hisabati.” Sasa alikuwa mbele yangu akiomba radhi kwa kosa ambalo si lake, tena yuko tayari kunirudishia fedha. Nilikataa. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni watu wangapi wanaoamini kwamba hawawezi hesabu, na kumbe waliangushwa na sisi walimu wa lugha.

Hoja yangu ni hii: kugeuza vipimo vya urefu ni kazi ya lugha kabla haijawa kazi ya hesabu. Anayegeuza mita kuwa sentimita hagusi urefu wenyewe. Ukuta wangu haukurefuka wala haukufupika nilipouita mita 2.5, au sentimita 250, au milimita 2,500. Kilichogeuka ni jina, na idadi ikalifuata jina. Kwa hiyo mtu anayeikosea lugha ya kutaja urefu atakosea hata kama kuzidisha na kugawanya anakujua vyema.

Tuanze na hayo majina. Kitoto chetu cha shule ya msingi hufundishwa ngazi yenye vidato saba: kilomita, hektomita, dekamita, mita, desimita, sentimita, milimita. Kila kidato ni mara kumi ya kile kilicho chini yake. Mtoto huimba: ukishuka zidisha, ukipanda gawanya. Huimba vizuri, lakini mwulize kwa nini tunazidisha tunapoelekea kwenye kipimo kidogo, utamwona anatazama dari. Akili yake inamwambia kwamba kuzidisha ni kukuza, na kumbe tunakwenda kwenye udogo.

Jibu limo ndani ya majina yenyewe. Yatazameni kwa jicho la mshairi: yote saba yana mwisho mmoja, mita. Kina hakibadiliki; kinachobadilika ni kichwa cha neno. Je, hilo ni jambo geni kwa mtoto wa Kiswahili? Tangu alipoanza kusema amekuwa akisikia kijumba, nyumba na jumba. Kitoto, mtoto na toto. Anajua bila kuambiwa kwamba ukubwa na udogo wa kitu hukaa mwanzoni mwa neno. Wafaransa walipoyaweka majina haya katika sheria yao ya mwaka 1795, walichukua kilo, hekto na deka kutoka Kigiriki kwa ajili ya vipimo vikubwa, na desi, senti na mili kutoka Kilatini kwa ajili ya vidogo. Elfu, mia, kumi. Kisha sehemu ya kumi, ya mia, ya elfu. Ni viambishi vya ukubwa na udogo, ila vimebeba idadi. Jambo la kumtahadharisha mtoto ni moja tu: ki ya kilomita si ile ya kijumba.

Akilifahamu hilo, fumbo la kuzidisha linafumbuka. Kipande kikiwa kidogo, vitahitajika vingi kuujaza urefu uleule. Kilomita tatu ni mita 3,000 kwa sababu hatua ya mita ni fupi, si kwa sababu njia imerefuka.

Kizazi changu, tuliozaliwa karibu na mwaka wa uhuru, tulikuwa na msaada mwingine ambao watoto wa leo hawana. Tulikuwa na senti mifukoni. Sarafu zetu za mwaka 1966 zilikuwa na senti tano, senti ishirini na senti hamsini chini ya shilingi. Aliyejua kwamba senti mia ni shilingi hakuhitaji kukaririshwa kwamba sentimita mia ni mita. Na tazameni tulivyosema: shilingi mbili na senti tano, shilingi mbili na senti hamsini. Hakuna muuza karanga aliyekubali kusikia “shilingi mbili na tano” kisha akanyamaza. Angeuliza, tano nini? Senti zimetoweka mifukoni, na nadhani zimeondoka pamoja na desturi ya kuuliza tano nini.

Desturi hiyo ilikuwa ya kale katika mji huu. Richard Burton na John Speke walipofika Kaze, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857, walikuta nguo ikitumika kama fedha. Marekani na kaniki zilizobebwa mabegani kutoka pwani zililipa chakula, zililipa wapagazi, zililipa hongo kwa watemi. Nguo hiyo ilihesabiwa kwa mkono wa mtu, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati: hiyo ndiyo dhiraa. Shibiri mbili ni dhiraa. Dhiraa nne ni shuka, na urefu huohuo ukipimwa kwa mikono miwili iliyonyoshwa unaitwa pima. Dhiraa nane ni doti. Mwenye doti kumi alijua ana dhiraa themanini, na hakuhitaji kalamu. Alikuwa anashuka ngazi kama mtoto wa leo anavyoshuka kutoka mita kwenda sentimita, ingawa vidato vyake havikuwa vya kumi kumi.

Sisemi turudi huko. Kipimo kile kilikuwa na dosari iliyo wazi kwa kila mtu: mkono wa mrefu si mkono wa mfupi, na mnunuzi mwerevu angemtuma ndugu yake mrefu sokoni. Mita iliondoa ugomvi huo. Siku hizi haitegemei hata fimbo ya madini iliyotunzwa Ufaransa. Tangu mwaka 1983 imefungwa kwenye mwendo wa nuru, na ni ileile Tabora, Ujiji na Tokyo. Hiyo ni faida kubwa na hatuna sababu ya kuililia dhiraa. Tuliyopoteza ni adabu ya kinywa iliyokuja nayo. Mtu wa zamani alisema “dhiraa mbili na shibiri”. Kila kipande alikipa jina lake. Sisi tulipata kipimo sahihi zaidi, kisha tukakitamka ovyo zaidi.

Ovyo huo una sura mbili, na zote zinatokana na nukta. Sura ya kwanza ndiyo iliyonipata mimi. Niliandika 2.5, nikaisoma “mbili na tano”. Katika Kiswahili, na huongeza kitu kizima juu ya kitu kingine. Mita mbili na tano: tano lazima iwe tano ya kitu fulani, na fundi, akiwa mtu mwenye akili, alichagua kitu kinachojulikana kuwa chini ya mita, yaani sentimita. Tafsiri yake ilikuwa sahihi kisarufi. Tano ya kwenye karatasi yangu ilikuwa sehemu tano za kumi, ambazo ni desimita tano. Na nani kati yetu hutaja desimita? Tunaikariri darasani kisha tunaiacha mlangoni.

Sura ya pili ni ya kusoma tarakimu baada ya nukta kana kwamba ni namba nzima. Urefu wa mita 2.45 tunausikia ukiitwa “mbili nukta arobaini na tano”. Mwanafunzi akilinganisha na “mbili nukta tano” anasema kwa uhakika kwamba ule wa kwanza ni mrefu zaidi, maana arobaini na tano inaishinda tano. Nani amlaumu? Masikio yake yamemwambia ukweli wa maneno aliyopewa. Tungesema “mbili nukta nne tano”, angeziona nne na tano zikigombana mahali pamoja, na tano ikashinda.

Najua pingamizi zitakazokuja. Ya kwanza ni kwamba lugha huishi kwa kufupisha, na mafundi wenyewe husema “mbili kwa nne” bila kutaja inchi, wala hawakosei. Ni kweli. Lakini wao wana mapatano: kila mmoja anajua kwamba unene na upana wa mbao hutajwa kwa inchi, na urefu kwa futi. Ufupisho ni salama pale tu ambapo wasemaji wote wawili wanajua kilichoachwa. Mimi na fundi hatukuwa na mapatano. Yeye alinunua mbao za futi kumi, mimi nilipima kwa mita, na futikamba yenyewe ina inchi ukingo mmoja na sentimita ukingo wa pili. Katika mazungumzo ya dakika moja tulikuwa tumesimama kwenye mifumo miwili, na daraja pekee lilikuwa kile kiunganishi nilichokitupa.

Sisi washairi tunaruhusiwa inkisari. Mizani ikituzidi tunafupisha neno, na msomaji anatusamehe kwa kuwa anajua sheria alizozipanga Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji mwishoni mwa njia hiihii ya misafara, katika kitabu chake cha mwaka 1954. Lakini idhini ya mshairi haimfikii fundi. Na hata hivyo, inkisari yangu haikuwa na udhuru. Hesabuni: “mita mbili na tano” ni mizani saba. “Mita mbili na nusu” ni mizani saba vilevile. Neno sahihi lilikuwepo, lilikuwa la Kiswahili cha kila siku, na lisingenigharimu silabi hata moja.

Pingamizi ya pili ni kwamba somo hili ni la Hisabati, na mwalimu wa Kiswahili ana mzigo wake wa kutosha. Nilisema hivyo kwa miaka mingi. Leo naona tumegawana mtoto vipande, na kipande cha katikati kikabaki bila mwenyewe. Katika shule ya msingi inayofundisha kwa Kiswahili anajifunza sentimita, na katika kitabu anaiona ikiandikwa sm. Akivuka kwenda sekondari, Hisabati inageuka Kiingereza na sm inageuka cm. Wapo wanaodhani wamekutana na kipimo kipya. Mwalimu wa Hisabati hana muda wa kueleza habari za lugha mbili; mwalimu wa Kiswahili hajui kwamba kuna jambo la kueleza.

Katika hili nakiri kwamba nimebadili msimamo. Zamani niliitetea sm kama suala la heshima ya lugha yetu. Sasa naona kwamba cm si ufupisho wa neno la Kiingereza. Ni alama ya kimataifa, kama zilivyo alama za kujumlisha na kutoa, na Mjapani ambaye haandiki kwa herufi hizi huitumia vilevile. Km na mm tumezipokea bila manung'uniko. Heshima ya Kiswahili tuilinde mahali inapokaa kweli, yaani kinywani: tuseme sentimita kikamilifu, tuiseme mahali pake, na mtoto aoneshwe mapema kwamba sm ya kitabu chake na cm ya dunia ni urefu mmoja.

Baada ya kulalamika ni haki nitoe pendekezo. Ninayo manne, na hakuna linalohitaji fedha.

Kwanza, na isiachwe mjane. Baada ya kutaja mita, na ifuatwe na nusu, au robo, au idadi yenye jina la kipimo chake: mita mbili na sentimita hamsini. Pili, baada ya nukta tarakimu zitajwe mojamoja: 2.05 ni mbili nukta sifuri tano. Sifuri hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani ya sentimita 45 ukutani kwangu. Tatu, palipo na msumeno, mkasi au tofali, tuchague kipimo kidogo kimoja na tutaje namba nzima: sentimita 250. Wahandisi wamelijua hili siku nyingi. Michoro yao huandikwa kwa milimita tupu, na nukta haipati pa kujificha. Reli ya zamani iliyofika hapa Tabora mwaka 1912 ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma, ambao ni mita moja kamili. Reli mpya ya SGR ina milimita 1,435. Hata hiyo 1,435 ni tafsiri, maana chimbuko lake ni kipimo cha Waingereza cha futi nne na inchi nane na nusu. Behewa la reli moja haliwezi kupita katika nyingine. Laiti upana huo ungeagizwa kwa simu, na mtu kama mimi!

Nne, na hili ni la walimu wenzangu wa Kiswahili: turudishe imla, na ndani yake tuweke vipimo. Kipindi kimoja kwa muhula kinatosha. Mwalimu asome urefu wa vitu kumi kwa maneno, wanafunzi waandike kwa tarakimu. Kisha waandike kila urefu kwa jina jingine la ngazi ileile. Atakayekosea tusimwambie kwamba hajui hesabu mpaka tumehakikisha tulimtamkia Kiswahili. Chuoni tuliambiwa kwamba kila mwalimu ni mwalimu wa lugha. Tuliandika katika madaftari, tukafaulu mtihani, tukasahau.

Rafu yangu ilisimama. Mbao za futi kumi zina sentimita 304.8, kwa hiyo katika kila ubao kulikuwa na kipande kilichobaki cha karibu mita moja. Fundi alikuwa amevihifadhi vyote karakanani. Akakata vipande sita vya sentimita 45, akaviunga kwa gundi na misumari, akaweka nguzo chini ya kila kiungo. Nilimlipa kazi ya mara ya pili kama nilivyomlipa ya kwanza, na ilinibidi kumbembeleza apokee. Aliponiaga nilimwambia jambo ambalo nilipaswa kumwambia akiwa kidato cha kwanza: kwamba alisikia sawasawa, na mimi ndiye niliyesema vibaya. Alicheka kidogo, akashukuru. Sijui kama ilimfaa kitu baada ya miaka yote hiyo. Diwani zangu sasa zimekaa juu ya mshono, na kila ninapochukua kitabu naliona lile na.

Namalizia kwa ubeti mmoja, nikijua kwamba wasomaji wa ukurasa huu watauhesabu mizani kabla ya kuusoma:

Fundi anapokuita, vipimo viwe bayana,
Msumeno ukikata, mbao hairudi tena,
Ukitamka nukta, tarakimu zatengana,
Kilomita, sentimita, kilichogeuka jina.